Boti ya Tatu

Melbourne, 3 Aprili

Dada Evdokia mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi ni yule yule, figo zimegoma lakini ulimi ungali mzima.

Nakuja, dada. Usicheke. Nakuja kwa meli ya watalii, mimi niliyekuwa nikiwatupia wazee wa meli hizo maganda ya tikitimaji. Daktari amenikataza kulala kisiwani kwetu kwa sababu hapo hakuna mashine ya kusafisha damu, na meli hii inayo, pamoja na muuguzi wake. Tutakuwa kwetu tarehe 11 Julai, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Ni saa sita tu, baada ya miaka thelathini na minane. Safari nyingine hataniruhusu, amesema wazi.

Nimeshalipia matembezi ya monasteri yanayoandaliwa na meli, nikidhani ndiyo njia ya kushukia. Meli hizi sizijui, nielekeze. Na mwambie Mama anisubiri.

Mdogo wako,
Pantelis


Skala, 26 Aprili

Mdogo wangu Pantelis,

Barua yako imetukuta wazima, mimi ni magoti tu. Mama macho yamekwisha, lakini tangu nimsomee barua anakula vizuri. Amemwambia padri kwamba kabla ya tarehe 11 hafi, asijisumbue kuja.

Sasa nisikilize, maana nimeuza tiketi za feri hapa bandarini miaka thelathini na moja na nimewaona wageni wakihangaika. Fuata saa ya meli, si ya mkononi mwako. Wenzako huachwa gatini wakipunga mikono. Ile karatasi wanayopitisha chini ya mlango kila jioni usiitupe, ina namba ya simu ya wakala wao wa hapa. Dawa zako zitie mfukoni. Vaa viatu vya mpira, ngazi ya boti inateleza. Unakumbuka meli kubwa hazifiki gatini kwetu, hutia nanga nje na kuleta watu kwa boti, kwa hiyo amka mapema ukachukue namba. Chai yao achana nayo, utakunywa kwetu.

Na hayo matembezi yafute, wakurudishie hela zako. Upande mlima na watu hamsini waliobandikwa stika kifuani kama matikiti ya sokoni? Monasteri ulibatizwa humo, imebadilika nini? Hizo ni saa mbili za kumnyang'anya Mama. Stelios wa teksi atakungoja gatini, na kwa dakika nne utakuwa nyumbani.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Njoo.

Dada yako,
Evdokia


Melini, 11 Julai, jioni

Dada yangu,

Sijui nikuulize hali gani, maana leo nimekuona. Ulijifunga kitambaa cha njano, ukawa unakwenda na kurudi gatini.

Nilifanya kila ulichosema. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, dawa mfukoni, viatu vya mpira miguuni. Msichana akanipa namba. Akasema boti mbili za kwanza ni za wenye stika za matembezi, ndio utaratibu wao, mimi nitapanda ya tatu. Nikakaa. Ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Kisha meltemi ikavuma, unaujua upepo ule, haubishi hodi. Nahodha akatangaza kwamba hakuna boti tena.

Nikamwambia msichana, mama yangu yuko pale. Akasema, "Pole, baba, nakuelewa." Nikamwita mkubwa wake, naye akanielewa. Wote walinielewa, dada, na hakuna aliyenishusha.

Halafu wakatuma boti kuwarudisha wenye stika. Ilikwenda tupu. Nikaomba nipande, nikasema sihitaji kurudi. Mkubwa wao akaniuliza, "Na mashine je, mzee?"

Saa sita mchana, kabla ya wakati wake, nanga ikapanda. Usijilaumu kwa lolote.

Mdogo wako,
Pantelis


Skala, 2 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini umefika Melbourne salama na wanakusafisha damu vizuri.

Umeniambia nisijilaumu. Pantelis, nilijua. Kila kiangazi nawaona wenye stika wakishuka wa kwanza, hata mbwa wa gatini anajua. Lakini nilizionea choyo zile saa sita, sikutaka monasteri ipate hata dakika moja, nikaona ujanja wangu unatosha. Siku ile niliwatazama usoni mmoja mmoja wakishuka. Mmoja aliniuliza choo kiko wapi, nikamwonyesha.

Nyumbani nilimkuta Mama amekaa kitandani na gauni lake la Pasaka. Alijivika mwenyewe kwa kupapasa. Nikamwambia kuhusu upepo. Akasema, "Basi atakuja ukitulia." Nikamwambia meli imekwenda. Akasema, "Wewe Evdokia tangu zamani huna subira."

Alikataa kuvuliwa. Kila nikigusa kifungo ananipiga kofi mkononi, ati, "Unataka Pantelis anikute na nguo ya kulalia?" Alilala nalo, akala nalo, wiki mbili nzima.

Tulimzika nalo Jumanne. Kifungo cha juu alikitia kwenye tundu lisilo lake, nami nikakiacha hivyo hivyo.

Dada yako,
Evdokia