Akiba ya Mwisho Kwenye Gauni la Kijani

Mpendwa dada yangu Hawa,

Shikamoo. Tangu mlipotoka Mitundu na ng'ombe kwenda huko kusini kutafuta malisho, namba yako haipatikani. Shemeji alisema porini mtandao hakuna, nikamtania kwamba basi mtarudi mnaongea kama watu wa zamani. Sasa sitanii tena. Barua hii nampa mama mwenye kibanda cha chakula hapa Shelui, pale malori yanapopumzika, aibandike ukutani, maana madereva wanafika kila mahali. Wewe unayeisoma na si dada yangu, soma tu, sina cha kuficha. Ukikutana na wafugaji waliotoka Mitundu, ukamwona mama mrefu mwenye mwanya, mwambie mdogo wake anamtafuta.

Dada, nilijifungua. Walikuwa mapacha, na walikuja kabla ya wakati wao. Kulwa hakukaa. Doto yupo hapa kifuani kwangu ninapoandika, ndani ya lile gauni la kijani. Lile lile ulilonichagulia mnadani.

Unaikumbuka siku ile? Nilikuwa nimeanza kujiona mtu mzima, nikang'ang'ania gauni jekundu la kung'aa, la kubana, lenye zipu mgongoni. Lilikuwa limening'inizwa juu kabisa, na mimi nilishajiona nimo ndani yake. Hukunikataza. Uliniambia nilifinye kwenye ngumi halafu niachie, na halikupata hata mkunjo, nikafurahi nikidhani nimeshinda. Ukasema, "Sasa lipulizie." Nikaweka mdomo nikapuliza. Pumzi haikupita, ikanirudia usoni.

"Ndivyo jasho lako litakavyohangaika humo," ukasema, ukainama kwenye rundo la chini ambalo mimi nililiona la wazee.

Ukatoka na la kijani. Halikuwa na urembo wowote, vifungo tu mbele kuanzia shingoni hadi kiunoni. Kabla sijanuna vizuri ulishaligeuza ndani nje. Ukavuta mishono, ukaangalia matundu ya vifungo kama yamechanika, ukalishika kwapani ambako nguo huanza kuchoka. Halafu ukanionyesha kile kitambaa kilichokunjwa pembeni, ndani ya mshono. Kilikuwa kipana. Ukaniambia hiyo ni akiba, kwamba aliyelishona alijua mwanamke habaki alivyo. Nikakuuliza kwa nini tusinunue jipya dukani. Ukajibu kwamba mtumba umeshapita kwenye maji mara nyingi. Kama ni kuchuja umeshachuja, kama ni kusinyaa umeshasinyaa, hautakushangaza tena.

Kisha ukanivalisha juu ya nguo zangu na kuniamrisha mbele za watu nichuchumae, niinue mikono kama natua ndoo, niiname kama nafagia. Yule kijana muuzaji akashindwa kuvumilia.

"Dada, mnanunua gauni au mnafanya mchakamchaka?"

"Kwani wewe unauza la kusimama nalo tu?" ukamjibu. "Sisi huwa tunachuchumaa."

Wauza nyanya wote wakacheka. Nikatamani ardhi inimeze. Na bado hukumaliza, ukanigeuza niwaangalie wale wale wauza nyanya, ukasubiri neno lao la kwanza. Mama mmoja akasema binti amependeza. Hapo ndipo ulipotoa hela. Njiani ukaniambia kwamba kama angesema gauni ni zuri tungeliacha, maana hapo angekuwa ameliona gauni, hajaniona mimi. Nilinuna mpaka nyumbani. Nilisema umenivalisha kama bibi wa kwaya.

Lakini nimelivaa, dada. Nimelima nalo, nimeenda nalo msibani, nimekaa nalo kanisani bila kuvuta pindo kila saa. Baba Doto anasema ndilo nililokuwa nimevaa aliponiona mara ya kwanza, ingawa ukimuuliza rangi yake hakumbuki. Anakumbuka shingo yangu. Nilipomweleza habari za yule muuza nyanya akasema, "Basi dada yako ni mchawi."

Sasa nikueleze ya hospitali. Walipozaliwa, nesi alisema joto lao litatoka kwangu, wakae ngozi kwa ngozi kifuani usiku na mchana, wasitolewe ovyo. Akatufunga kwa khanga, mimi na wenzangu. Khanga yangu ilikuwa inalegea kila nikisinzia, nashtuka nawashika watoto kama mtu anayedaka yai. Mwenzangu wa kitanda cha jirani alikuwa na blauzi ya kuteleza, nzuri sana kwa macho, na kitoto chake kikatoka vipele vyekundu kwa jasho. Nikakukumbuka. Nikamwomba mama mkwe aniletee gauni la kijani na wembe. Nikafumua mishono ya pembeni taratibu, nikaifungua akiba yote, nikashona upya ukingoni kabisa kwa mkono. Wakaingia wote wawili. Kulwa kulia, Doto kushoto, mimi nikafunga vifungo juu yao. Nesi akaja akapapasa kitambaa, akaniuliza nimelitoa wapi. Nikamwambia nina dada.

Siku zile chache nilikuwa na furaha, usije ukadhani nilikuwa nalia tu. Nilikuwa nawaambia habari zako. Niliwaambia mama yao mkubwa akija atawapulizia nguo zao zote.

Kulwa aliondoka bila kulia. Nilidhani amelala vizuri leo. Nilimgusa mgongoni nikakuta ana joto, nikatulia. Dada, lile joto lilikuwa langu. Sikujua mpaka nesi alipokuja kuwapima.

Walipomtoa, gauni likalegea upande wa kulia. Mpaka tunarudi nyumbani lilikuwa limelegea vilevile. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, aliniambia nilipunguze upande ule ili Doto asiserereke. Nilichukua sindano, nikaishika, nikairudisha. Nikafunga khanga juu yake, basi. Watu siku hizi wananiita Mama Doto haraka haraka, wanaruka lile jina la kwanza kama mtu anayeruka dimbwi. Siwalaumu.

Taabu yangu ni kwamba gauni ni moja. Na upepo wa hapa mwezi huu wa saba unaujua. Nikilifua, Doto anakaa kwenye khanga, na kabla halijakauka vidole vyake vimeshaanza kupoa. Nisipolifua linanuka maziwa yaliyochacha, na majirani wanasema yule mama gauni halibandui mwilini. Wanasema wakicheka, wala si kwa ubaya, lakini inachoma.

Basi Baba Doto aliporudi kutoka machimboni Sekenke nikamwambia anitafutie jingine mnadani. Akaenda mwenyewe, akarudi amelificha ndani ya koti, anacheka kama mtoto. Dada, lilikuwa jekundu. La kung'aa. Zipu mgongoni.

"Muuzaji kasema litakutoa," akasema.

"Baba Doto, mtoto atapitia wapi?"

Akaangalia zipu, akaniangalia kifua, akakaa chini. Nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na yeye akabaki ameshika lile gauni hajui aliweke wapi. Masikini, alitaka tu nipendeze. Nimezoea kujiona kama kitanda cha mtoto, na yeye bado ananiona mtu wa gauni jekundu. Nilipotulia nikamfundisha kulipulizia. Akapuliza, akatikisa kichwa, akaondoka nalo.

Safari ya pili alirudi na shati la kiume, pana, la pamba laini, limevaliwa mpaka limekuwa kama shuka la zamani. La kike la kufunguka mbele hakulipata. Akasema hili amelijaribu mwenyewe, amechuchumaa nalo palepale, na watu wamecheka sana. Kisha akafungua vifungo vyake, akasema, "Mlete." Alimbeba Doto siku nzima, hathubutu hata kukohoa, huku mimi nikifua gauni na kulisubiri kwenye kamba. Ungemwona ungemsamehe lile jekundu.

Lakini akienda Sekenke anakaa huko wiki nzima, na shati lile nikilivaa mimi linaporomoka mabegani, Doto anaserereka, basi nabaki na Doto, gauni na upepo. Nataka nikwambie ukweli, nimeishiwa nguvu. Maziwa namkamulia kwenye kikombe kwa sababu hawezi kunyonya sawasawa, anachoka mapema. Kliniki iliyopita uzito haukupanda. Na ile ya kabla yake haukupanda. Nesi alisema kwa upole kwamba tukirudi ukiwa palepale watatupeleka hospitali kubwa ya Singida mjini. Tangu siku ile naogopa mzani kuliko ninavyoogopa nyoka. Mtoto akilala sana namwamsha. Akilia sana naogopa anapoteza nguvu. Sasa mgongo nikiugusa siamini joto tena, naweka sikio nisikie pumzi. Sina wa kumuuliza. Mama yetu hayupo, wewe haupatikani, na mama mkwe akiniona nalia naye analia.

Kesho ndiyo kliniki.

Asubuhi ya leo nilikuwa nafunga gauni kama kawaida. Kifungo cha kwanza kikafunga. Cha pili kikafunga. Cha tatu kikagoma. Nikavuta, tundu likafika nusu, likaishia hapo. Nikaona hasira, dada, nikasema hata gauni sasa linanikataa, maji yamelisinyaza.

Nikakiachia kifungo. Nikakusikia mnadani. Kama ni kusinyaa umeshasinyaa.

Si gauni. Na mimi sijanenepa, ukiniona utashtuka, mifupa ya shingo imetoka na sketi zote zinanishuka kiunoni. Maziwa ni hayahaya kidogo ninayoyahangaikia. Nikaingiza mkono upande wa kulia, ule uliolegea tangu siku ile. Nikakuta mguu. Doto ameunyoosha mpaka kule kwa mwenzake, umegusa mshono.

Nimeligeuza pembeni nikatazama ndani. Akiba imekwisha, mshono upo ukingoni, hakuna tena cha kufumua. Kifungo cha tatu nimekiacha wazi, nimefunika na khanga. Sijamwambia mtu, hata mama mkwe. Naogopa kulisema kabla ya mzani. Lakini wewe nimekuambia.

Njoo, dada yangu. Mwombe shemeji ruhusa, mwambie nampigia magoti kwenye karatasi. Kama huwezi kuja, mpe dereva yeyote salamu nijue mko hai. Na ukija, usihangaike kuleta kitu kingine, niletee kipande cha kitambaa cha kuongezea pembeni. Kikiwa cha kijani vizuri, kisipokuwa cha kijani rangi yoyote nitavaa.

Ila kipulizie kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
mama yao.