Ukuta Uliobomolewa Kabla ya Kujengwa

Nyumbani, chini ya Jego
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Swafwan,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako nimeshaiitikia kabla hujaniamkia. Na wewe afande unayeisoma barua hii kabla yake, salamu zako pia zimo; soma taratibu, hati ni ya mtu aliyeiaga shule darasa la saba, na ukifika mahali pa kucheka, cheka, mimi si bahili. Swafwan, u hali gani? Kile kikohozi kimekuacha? Na maharagwe ya rumande, bado yana wadudu wenyewe ndani yake? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakuombea kila swala. Kibibi mkeo anakusalimu kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kiuno, maana tumbo limeshuka na mkunga asema ni mwezi huu huu.

Kwanza nikupe habari za bahati yangu, maana imenipenda mpaka ninaionea haya. Nimeajiriwa, bwana. Mimi nduguyo, niliyekuwa nikiwauzia Wazungu wa Diani safari za kwenda kuona pomboo, nikisema buongiorno, salamu yao ya asubuhi, hata jua limezama, sasa ni afisa wa kufuatilia fedha za tabianchi, ukanda wote kuanzia Shimoni mpaka mpakani. Nina fulana, nina kofia, nina kitambulisho cha kuning'inia shingoni kama medali. Prado nyeupe huja kunichukua mlangoni, na dereva huniita bosi. Kibibi hakosi unga, hakosi mchele, hakosi samaki. Kwa hiyo la nyumbani usilitie moyoni kabisa. Kaa huko kifua mbele.

Sasa nisikilize vizuri, maana Alhamisi unasimama tena mbele ya hakimu, na nimejua jambo ambalo lazima ulijue kabla hujafungua mdomo.

Wewe umeshtakiwa kubomoa ukuta wa bahari, mali ya umma. Ukuta gani? Mimi na wewe na kila kuku wa hapa mtaani twajua yaliyokuwa. Malori yalikuja, yakamwaga rundo la mawe pale ufuoni, vijana wa mkandarasi wakapiga picha, wakasimika bango la rangi nzuri, wakaenda zao. Hakuna jiwe lililopandishwa juu ya jiwe. Bamvua lilipokuja na maji yakakaribia kisima cha msikiti, wewe na wenzio mkayachukua mawe yale mkakizungushia kisima. Polisi walipofika wenzio wakakimbia, wewe ukabaki kuwaeleza, kwa vile ulizaliwa mtu wa kueleza. Hiyo ndiyo jinai yako. Na dhamana wakaipandisha juu ya mnazi ambao ukoo wetu mzima hauna mkwezi wake.

Wiki iliyopita alikuja mwanamke mmoja, Hannah, mtu wa Kinango huko bara, kwao wafugaji. Kazi ya kikundi chake ni kuzifuata pesa za tabianchi tangu zinapotoka mpaka zinapotua. Aliniambia kwao ng'ombe walikufa kando ya bwawa ambalo kwenye ripoti limejaa maji, na tangu siku hiyo haamini kitu asichokikanyaga kwa mguu wake. Mkononi alikuwa na ripoti ya mradi wetu: ukuta wa mita mia nne, umekamilika. Akaniomba nimwoneshe. Nikamtembeza ufuoni kutoka mikokoni mpaka makaburini, jua linamchoma, viatu vimejaa mchanga. Mwishowe akauliza tumebakiza mwendo gani kufika ukutani. Nikamwambia tumeshaupita, dada. Akina mama waliokuwa wakianika mwani walicheka mpaka wakashika magoti. Yeye hakucheka. Alikaa juu ya lile bango, maana nalo lilishaanguka, akafungua ukurasa mwingine.

Huko imeandikwa kwamba ukuta ulijengwa, ukakabidhiwa, kisha ukabomolewa na wakaazi, na mtuhumiwa amekamatwa. Mtuhumiwa ni wewe. Hannah akanieleza polepole, kama mtu anayemtafunia mtoto. Pesa ile ilitoka mbali, ikapita ofisi baada ya ofisi, na kila moja imeandika kwamba kwake imepita salama. Wakaguzi wakija kuuliza ukuta uko wapi, lazima pawe na jibu. Jibu ni Swafwan. Ukisema mahakamani ndiyo, nilibomoa, basi ukuta ulikuwapo, na hakuna atakayeuliza tena. Utakuwa umewajengea wewe mwenyewe, kwa ulimi, mita zote mia nne.

Swafwan, mimi unanijua, hasira zangu hutoka kwa mzaha. Siku ile mzaha haukutoka. Nililipiga teke lile bango mpaka kidole kikavimba, na bado hakiingii kiatuni. Nikakumbuka semina yao ya tabianchi pale Diani, kwenye hoteli yenye baridi ya kugonganisha meno, sambusa za nyama zimepangwa, na mtaalamu amesimama kutufundisha kwamba bahari inapanda. Kutufundisha sisi. Sisi tunaoamka usiku tukakuta ndala zinaelea chini ya kitanda. Nikapiga makofi na wengine, nikala sambusa zao, na pesa za ukuta wetu labda ndizo zilizokaanga zile sambusa. Mungu anisamehe, zilikuwa tamu.

Juzi akaja Mangi, yule msimamizi wa mkandarasi, na mfuko wa mchele na kilo za sukari, akimwita Mama "mamangu mzazi". Akasema Swafwan ni kijana mzuri, ni shetani tu alimpitia. Akikiri kosa Alhamisi, hakimu atampiga faini, na faini wao wataitoa siku hiyo hiyo. Mtoto atazaliwa baba yuko nyumbani, amwadhinie sikioni mwenyewe. Kibibi alikuwa nyuma ya pazia. Nikaliona pazia linatikisika, na hapakuwa na upepo.

Wajua kwetu mgeni hupewa maji kwanza, na Mama havunji ada kwa sababu ya Mangi. Akamletea bilauri imejaa, safi, juu ya kisahani. Mangi akapiga funda kubwa, macho yakamtoka. Yalikuwa maji ya kisima chetu cha uani, chumvi tupu tangu bahari ikiingie. Kutema mbele ya mwenye nyumba hawezi, kumeza hawezi. Mama akamwambia kwa upole ule ule anaomkaribishia mtu chakula: kunywa, mwanangu, huo ndio ukuta wako, sisi twaunywa kila siku. Akameza. Kisha akaambiwa aondoke na mchele wake, akaondoka nao. Sukari tulisahau kumrudishia.

Na ujue hili. Kisima cha msikiti, kile ulichokizungushia mawe, ndicho pekee ambacho maji yake bado yanafaa kwa chai. Mtaa wote unateka pale. Kwa hiyo ukuta wa tabianchi upo, mmoja, wa duara, unamfikia mtu kiunoni, na aliyeujenga yuko rumande, na wasiojenga wako kwenye semina.

Hannah atakuja mahakamani na picha zake na wakili wa kikundi chao. Hakuahidi kwamba utatoka. Amesema ukikana, kesi inaweza kuvutwa miezi, na mtoto hatasubiri. Mimi nakuomba usikiri. Kibibi nilimuuliza naye. Akasema kumwadhinia mtoto hata baba yake mkubwa anaweza, lakini hataki mwanawe aitwe wa mbomoaji. Halafu akaingia jikoni akalia, na moshi ukasingiziwa.

Mama anakusalimu na anakuusia usikose kumswalia Mtume. Imamu anakusalimu, asema kila anayetia udhu kwa maji yale, nawe una fungu lako la thawabu. Wenzio waliokimbia wanakusalimu pia, kwa mbali, kama walivyozoea. Mungu akupe subira na akutoe salama.

Nilitaka kumalizia hapo, kalamu nishaifunika. Nimeifunua tena. Swafwan, ile kazi niliyoianzia barua hii haipo. Fulana na kofia waligawa kwenye semina, hata muuza madafu anazo. Kitambulisho kimeandikwa "mshiriki". Prado nilipanda siku moja kumwonesha Hannah njia, na dereva hakuniita kitu. Nilimwomba Hannah kazi, akaniambia wanataka cheti cha kidato cha nne. Kibibi ameuza cherehani, na unga twapewa na majirani. Nilikuandikia vile ili ukatae bila kugeuka nyuma. Lakini anayekaa ndani ni wewe, si mimi, basi Alhamisi amua ukijua nyumbani kulivyo. Ukikiri sitakulaumu, nitakuja kukupokea langoni. Kazi sina, mdogo wangu. Haipo, kama ukuta wao.

Ni mimi kakako,
Ishak