Majani ya Njano Ambayo Sikuyaandika

Antsahabe, karibu na Antalaha,
22 Februari.

Mpendwa Mjomba Zafilahy,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Antsirabe haijakirudisha kile kikohozi chako. Sisi hatujambo. Mguu wa Bibi umepona. Anatembea bila fimbo na ameshaanza kunigombeza kuhusu kuni. Mvua ni nyingi, mchele bado upo.

Nakuandikia hasa kukushukuru kwa swali lako. Nakiri kwamba liliniudhi. Niliificha barua yako chini ya mkeka siku tatu.

Unakumbuka nilivyojisifu kwako mwezi wa Novemba. Bibi alikuwa kitandani, akanikabidhi vanila yake, mimea thelathini na miwili ambayo yeye na marehemu Babu waliipanda kwa mikono yao. Aliniagiza nichavushe maua manane tu kwa kila kishada, mengine niyaache yaanguke. Mimi nikapiga hesabu: maua kumi na sita, matunda mara mbili. Kila asubuhi nilitoka na mwiba wangu wa mlimau nikayachavusha yote kwa mkono, ua moja moja. Bibi sikumwambia.

Jirani yetu Mama Soazara aliniona, akanionya kwamba nitaichosha mimea mpaka ife. Sikumsikiliza kwa sababu hakumaliza darasa la tatu. Nikaenda kumuuliza binamu yangu Rado, ambaye hajawahi kunipinga kwa lolote, nikatosheka na jibu lake.

Ndipo wewe ukaniuliza: "Ukiona nini utakubali kwamba umekosea?" Nilifungua daftari langu nikakuta nimeandika mimea iliyonawiri tu. Ile yenye majani ya njano nilikuwa naipita, nikijiambia ni jua. Nikaenda kuihesabu yote. Kumi na mmoja ilikuwa inanyauka.

Nilimwambia Bibi wakati wa chakula, macho yangu kwenye sahani. Alimaliza kwanza maji yake yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali.

"Haya, mwalimu wangu wa hesabu," akasema. "Kumbe shuleni mnafundishwa kuhesabu vile mnavyovipenda tu?"

Nikaanza kulia. Akasema, "Lete ndoo. Utalia huku unachuma."

Tulipunguza matunda siku nne, mabichi kabisa, ya kutupa. Mama Soazara alikuja kusaidia bila kuitwa. Nilipomwomba radhi alicheka, akasema, "Niandike na mimi kwenye daftari basi, maana nami uliniruka."

Mmea mmoja kati ya ile kumi na mmoja, ulio karibu na kisima, Bibi alikataza usiguswe. Umebaki na matunda yake yote, na kazi yangu ni kuuandika kila asubuhi. Unakufa, Mjomba. Jana ulikuwa na majani mabichi manne. Namshukuru Bibi kwamba amekubali kuupoteza huo ili nione, wala hakuninyang'anya mwiba. Amesema Novemba ijayo nitachavusha tena.

Katika ile kumi iliyobaki, mitatu imetoa machipukizi. Saba bado sijui. Yote nimeiandika, lakini baada ya ule wa kisimani: unaokufa ndio naanza nao.

Msalimie Mama Lalao, na mdogo wangu Hery. Mwambie kamusi yake ipo salama. Bibi anakusalimu sana. Mungu akulinde, akupe kifua chepesi na marafiki wa kukuuliza kama ulivyoniuliza mimi.

Mpwa wako akupendaye, anayejifunza kuhesabu upya,
Voahirana