Nilikwenda Kuitukana Bia ya Hoteli

Jumamosi. Ukungu umekaa mlimani tangu asubuhi, Meru haionekani hata kidevu. Baridi inauma magoti. Nimeamka na hasira, na mpaka sasa jua linashuka bado ninayo, ila imebadilika sura kidogo.

Naandika kwa kidole kimoja. Nimesoma mpaka darasa la nne, mwalimu akanichoka, nami nikamchoka. Anayetaka kucheka herufi zangu acheke, kisha anioneshe ng'ombe wake.

Leo nimekwenda kwenye ile hoteli.

Watu wa huku mnaijua. Ile iliyo kule chini kwenye mashamba ya zamani ya kahawa, yenye baa na kiwanda chake kidogo cha bia. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga. Nimekanyaga, na nina sababu.

Pale kuna kijana anaitwa Godlisten, mtu wa Olasiti. Yeye ndiye anayewapikia bia. Anamtaka binti yangu, Nembris.

Kwetu Waarusha jambo hili lina njia yake. Watu wa kijana wanaleta pombe ya asali kwa baba wa msichana. Baba akiinywa mbele ya mzee wa rika lake, posa imepokelewa. Asipoigusa, wanaondoka nayo. Godlisten ameleta mara mbili. Mara ya kwanza nilikitazama kibuyu chake nikasema nina vidonda vya tumbo. Mara ya pili sikujisumbua hata kusingizia tumbo. Niliwaacha wajomba zake kwenye benchi mpaka wakachoka wenyewe, wakabeba kibuyu chao wakateremka.

Mimi ndiye mpika pombe ya asali wa upande huu wa mlima. Sikusema mmoja wa wapishi. Nimesema ndiye. Wazee wa Oldonyo Sambu wametia watoto wao jandoni kwa pombe yangu, wameozesha kwa pombe yangu, wamepatana mipaka ya mashamba kwa pombe yangu. Kuna mzee mmoja alikuwa kitandani, watoto wamekwisha kumlilia, akafumbua jicho akauliza kama yangu imeiva. Akaishi mwezi mzima. Nililiona kwa macho yangu. Sasa mtu anayechemsha shayiri kwa umeme, anayetazama saa ya ukutani kujua kama pombe imekuwa tayari, aje aniite baba mkwe?

Lakini watu wakaanza kusema. Kwamba nina roho mbaya. Kwamba namzeesha binti nyumbani. Hata mchungaji aliniuliza Jumapili iliyopita, kwa upole, ule upole wao unaokera, kama nina sababu.

Basi nikasema nitaitafuta sababu. Nitakwenda mpaka pale, niionje bia yake mbele za watu, niiteme. Bia ya shayiri haiposi mtu, hilo kila mzee anajua, kwa hiyo hakuna hatari. Nikitema mbele ya mashahidi, nani atasema tena?

Shahidi nilimchukua Lomayani. Huyu ni rika langu, tulitahiriwa asubuhi moja, na hakulia tu kwa sababu mimi sikulia. Tukateremka na pikapu yake, ile ambayo mlango mmoja umefungwa kwa kamba.

Hoteli yenyewe ni majani mengi na viti vya chini. Ukikaa, magoti yanakaribia masikio. Wazungu wamejilaza na viatu vya safari kama watu waliofiwa. Ukuta mmoja wa baa ni kioo kitupu, na nyuma ya kioo yamesimama mapipa ya chuma yanang'aa, yana saa na mipira kama wagonjwa. Hapo ndipo pombe inapikwa. Hakuna moshi. Hakuna harufu. Hakuna mzee wa kuuliza kitu.

Dada wa baa akaja, akaniamkia vizuri, shikamoo babu, hilo simnyimi. Akanipa karatasi ya vinywaji imeandikwa Kizungu. Nikamrudishia.

"Lete zote," nikasema.

Akaleta ubao mrefu wenye glasi nne ndogo, za kumpimia mtoto dawa. Nikamuuliza kama mapipa yamekauka. Meza ya jirani walikuwa madereva wa watalii, wakacheka. Nikaona vizuri, mashahidi wameongezeka.

Ya kwanza ya njano, povu kama la kufulia. Nikaionja nikaitema kwenye majani. Ya pili nyeusi, ina ladha ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikatema. Ya tatu wameitia pesheni. Pesheni! Nikauliza kwa sauti kama hii ni bia au juisi ya watoto wa sande skuli.

"Punguza sauti, hapa si mnadani," Lomayani akaninong'oneza.

"Wazungu wanunue pamba za masikio."

Madereva wanacheka, mimi napanda. Sijafurahi hivyo tangu mwaka huu uanze. Niliwaambia habari za yule mzee aliyefumbua jicho. Niliwaambia mimi ni nani. Kisha nikachukua ya nne bila hata kuitazama.

Nikaiinua mdomoni.

Haikuwa ya shayiri. Ilikuwa na rangi ya asali, ina ukungu kidogo, na ilipofika puani nilimwona marehemu mama Nembris amechuchumaa jikoni kwetu. Nikanywa. Sikutema. Nikanywa mpaka glasi ikawa nyepesi.

"Mbovu?" Lomayani akauliza.

Nikamwita yule dada. Nikamwambia alete nyingine ya hiyo, tena kwenye glasi ya mtu mzima.

Nataka kueleza jambo hapa, kwa sababu wengi mnakunywa tu hamjui. Pombe ya asali inachachushwa kwa mizizi ya porini. Wengine wote wanaianika mizizi juani. Mimi naifukiza. Naitundika juu ya moshi wa oloirien, mzeituni wa porini, mpaka iwe myeusi kama kwato. Ndiyo maana pombe yangu ina utamu halafu ina moshi nyuma yake, inakuja polepole. Hayo sijamwambia mtu. Walijua watu watatu. Mimi, mke wangu ambaye amelala kaburini, na Nembris.

Sasa moshi huo ulikuwa kwenye glasi ya hoteli.

Binti yangu amempa yule kijana. Siri ya nyumba yangu inakaa kwenye pipa la chuma, inawekewa saa. Nilitaka kuvunja kile kioo. Kweli kabisa, nilitazama kama kuna kiti chepesi cha kurusha, lakini viti vyao vizito.

Glasi kubwa ikaja. Nikainywa.

Ndipo Godlisten akatoka nyuma ya kioo na magambuti yake. Sijui nani alimwita, labda kelele zangu. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, ana mabega, macho yako chini. Akasimama mbele yangu akainamisha kichwa nimguse, kama kijana wa kwetu anavyomwamkia mzee.

Nikamwacha ameinama.

Madereva wanatazama. Lomayani anakohoa kikohozi asichokuwa nacho. Mwisho nikamgusa kichwa. Si kwa upendo. Huwezi kumwacha mtu ameinama mbele ya madereva kama mbuzi anayekunywa maji.

"Mizizi ulichimba lini?" nikamuuliza.

"Wakati wa mvua, mzee."

"Ndiyo maana imelegea. Mizizi inachimbwa kiangazi."

"Ndiyo, mzee."

"Na asali umeibania."

"Ndiyo, mzee."

Nikainuka, na kile kiti nusura kinibakize. Maneno yangu kwake ni hayo tu.

Kwenye pikapu Lomayani aliendesha mpaka barabara kuu anauma mdomo. Kisha akaanza.

"Umekunywa pombe ya mkweo."

"Nilikuwa naonja."

"Ya kwanza ulionja. Ya pili je?"

Nikamwambia pombe ya posa inaletwa nyumbani kwa baba, wazee wamekaa, hainywewi hotelini kwenye ubao. Nikadhani nimemfunga mdomo.

"Hapo umesema kweli," akasema. "Wenzako wanaletewa. Wewe umeifuata mwenyewe, umevaa koti la kanisani, na ukaagiza uongezwe."

Akacheka mpaka gari likaenda pembeni. Nikamuuliza kama walipanga na yule kijana. Akaapa kwa mama yake kwamba hajui kitu. Mama yake alikuwa mwongo pia.

Lakini hapa niko peke yangu na simu, niseme. Glasi ya kwanza sikujua. Ya pili nilijua. Nilijua ni pombe gani, ni ya nani, na nani amekaa karibu yangu anatazama. Mzee wa rika langu. Nilijua, na nikainywa taratibu, na nilipomaliza nikapangusa mdomo.

Hakuna aliyenishika mkono.

Na nikisema hilo niseme na lingine. Kidonda cha tumbo sina. Shayiri hainihusu, wanywe mpaka wavimbe. Tangu mama Nembris aondoke tumebaki wawili katika nyumba hii. Asubuhi anaweka chai, anafungua redio, ananigombeza kuhusu dawa ya presha. Akienda Olasiti, nani atanigombeza? Olasiti si Ulaya, najua, mtu anakwenda na kurudi siku moja. Lakini asubuhi ni asubuhi.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Msidhani nimelainika. Yule kijana bado simpendi. Magambuti yake nayo siyapendi. Pombe yake ni ya pili, tena pili ya mbali, na nikikutana na mtu anayesema kijana huyo yuko sawa na mimi nitamwonesha njia ya kurudi kwao. Na Lomayani asije kwangu wiki hii.

Ila nimekunywa. Mimi si mtu wa kunywa halafu nikageuza kichwa nikasema sikunywa. Wapo wazee wa namna hiyo hapa, majina yao nayajua.

Nembris yuko nje anakamua. Namsikia anasema na ng'ombe. Hajui kitu bado, au anajua na ananiacha nijitafune.

Harusi itakuwa na pombe yangu, haitatoka kwenye pipa la chuma. Mizizi nitachimba mwenyewe kiangazi, magoti yakitaka yasitake, na huyo Godlisten atabeba jembe nyuma yangu ajifunze pale alipokosea.

Kesho kabla ya kanisa nitamwambia binti maneno matatu tu: osha kibuyu kikubwa. Ataelewa. Akianza kulia, nitatoka nje nikatazame ng'ombe.