Wanaokuja Kuiona Nyumba

Baba Zamda,

Wanunuzi wanarudi saa nane. Nimefagia, na maji ya kunywa yamo mtungini. ~~Wapikie chai.~~ Maji yanatosha.

Safari hii wapige hodi na wavue viatu. Leo asubuhi yule bwana aliingia na viatu vyake mpaka jikoni, akafunua chungu changu, akasema jiko hili atalibomoa. Nawe ukacheka naye. Kuhamia kijiji cha ujamaa nimekubali, nyumba iuzwe. Lakini mpaka siku tutakayohama, humu bado ni kwangu.

Niko kwa dada Hamisa, Manundu. Maharage hayajaiva, na figa moja nimeondoka nalo kapuni. Njaa ikikuuma, kainjike chungu juu ya mawili yaliyobaki, au uje huku upige hodi.

Mama Zamda