Mama Amevua Viatu Uhuru Gardens

Jumapili, Tezo. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mihogo imekunywa ikashiba, na moyo wangu umetua. Sijui mara ya mwisho ulitua lini.

Tumerudi jana kutoka Nairobi, mimi na mama. Ametolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema yamepona. Mama naye alisema anaona. Lakini huyo ni mama! Hata alipokuwa akimimina uji nje ya kikombe alikuwa akisema vivyo hivyo, "Naona, niacheni." Ningemwamini vipi?

Wala sikuthubutu kumpima. Niliogopa jibu.

Kabla ya kupanda basi alitaka jambo moja tu, apelekwe Uhuru Gardens, pale bendera yetu ilipopandishwa mara ya kwanza. Usiku ule alikuwa msichana mdogo huku Pwani, Kaloleni, wakakesha kwenye redio ya jirani. Tangu hapo anasema hafi kabla hajapakanyaga. Haya, twende.

Tulipofika kwenye nyasi akainama, akavua viatu, akavishika mkononi. Lo! Watu wamependeza, wanapiga picha, na mama yangu miguu mitupu! Nikamnong'oneza avae. Akanijibu kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Kadzo, wewe kayani huingia na viatu?"

Ni kweli, kwetu Wagiriama kaya, ule msitu mtakatifu wa mababu, haiingiwi na viatu. Lakini hapa ni Nairobi jamani! Bahati nzuri askari wa pale alicheka tu, akamwamkia shikamoo, akatupisha.

Aibu ningeivumilia. Hofu yangu ilikuwa vipande vya chupa na miiba.

Nikataka kumshika mkono kama siku zote. Akaukataa. Akatangulia kuelekea mnara, mimi nyuma, macho nimeyakodoa kwenye visigino vyake, roho mkononi. Mara akasimama. Akapandisha leso kidogo, akapiga hatua ndefu, akaendelea na safari yake. Sikuelewa. Nikafuata.

Siafu.

Msafara mzima ulikuwa ukikatiza nyasini, na mimi na ndara zangu nikaingia katikati. Waliniuma hadi mapajani. Nikawa naruka-ruka mbele ya mnara wa taifa, rinda juu, huku mama ameketi chini kwa kicheko.

"Mwanangu, kipofu ni nani hapa?"

Nililia kama mtoto. Watu walidhani ni siafu.

Mvua ilipokatika mchana huu, mama alichukua ndoo akaenda bombani peke yake. Sikumfuata. Nilisimama mlangoni namtazama anavyoyakwepa madimbwi, moja baada ya jingine, nami sijui mikono yangu niiweke wapi. Je, nitazoea?

Nitazoea, na nitazoea kwa furaha.