Siku Mama Alipokaa Kunywa Chai

Baba Eveline na wanangu,

Maharage yameiva, bado kuungwa tu. Eveline, sare ya mdogo wako haijakauka kwa ukungu huu. Ianike karibu na jiko la mkaa, usiiunguze.

Mimi nimekwenda Igowole kwa dada Faustina. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi kesho kutwa, nikishalala nikatosheka.

Nesi alisema presha imepanda, nipumzike, angalau chai ya asubuhi niinywe nikiwa nimekaa. Leo nikakaa. Kikombe hakijafika mdomoni, Baba Eveline ukasema, "Mama yenu siku hizi ni mgeni humu ndani, anasubiri kuhudumiwa." Mkacheka wote. Hata wewe, Eveline. Nikainuka kuwapigia pasi mashati, chai ikapoa.

Nilipoanza kuosha vyombo nikakumbuka maneno ya nesi, nikaviacha. Viko kwenye beseni, msivitafute.

Baba Eveline, dawa yako ya kifua iko juu ya kabati, maji ya moto yako kwenye chupa. Usisahau kunywa. Za presha nimezibeba mwenyewe. Tangu nianze kuzinywa, hakuna aliyeniuliza hata siku moja kama nimekunywa.

Mama